Kuunda moduli za sinthesaiza ukiwa Unguja au Pemba: seti kamili, bodi na paneli, au verobodi?

Mtu anayetaka kuunda kwa mikono yake moduli za sinthesaiza, yaani vile vyombo vidogo ambavyo kimoja hutoa mlio, chengine huuchuja na chengine huukuza au kuufifisha, kisha vyote vikaunganishwa kwa waya, ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kununua seti kamili, ambayo ndani yake mna bodi, paneli, kila kipuri hadi skrubu ya mwisho, pamoja na kitabu cha maelezo. Ya pili ni kununua bodi na paneli tu, vipuri akavitafuta mwenyewe. Ya tatu ni kuchukua mchoro wa saketi na kuujenga juu ya verobodi, ile bodi yenye matundu na mistari ya shaba, bila ya kununua chochote kilichotengenezwa maalumu kwa moduli ile. Wanaoishi karibu na maduka makubwa ya vipuri huzilinganisha njia hizi kwa bei na kwa ugumu wa kazi. Kwa anayeishi Zanzibar naona kipimo kinachofaa zaidi ni kile kipuri kinachokosekana: rezista ikipotea chini ya meza, au aisi, yaani saketi nzima iliyofungwa ndani ya kipande kimoja chenye miguu, ikiungua siku ya majaribio, nyengine itapatikana Darajani jioni ile ile, Kariakoo kwa boti ya kesho, au kwenye kifurushi kitakachotoka ng'ambo baada ya wiki kadhaa? Ukiuliza hivyo, njia iliyoonekana rahisi huweza kuwa ngumu, na ile iliyoonekana ya mafundi wakubwa ikawa ndiyo iliyo karibu.

Kabla ya njia kuna suala la kipimo cha moduli, kwani ukishakata paneli ya kwanza ni tabu kurudi nyuma. Mfumo unaotumika zaidi leo ni Eurorack, ulioanzishwa na Mjerumani Dieter Doepfer katikati ya miaka ya 1990 kwa mfululizo wake wa A-100. Paneli zake zina kimo cha milimita 128.5, upana huhesabiwa kwa vipande vya milimita 5.08, umeme ni volti 12 chanya na volti 12 hasi, na plagi zake ni za milimita 3.5. Mfumo wa Kosmo, uliopata umaarufu kupitia Muingereza Sam Battle, una paneli za kimo cha sentimita 20, upana wa vipande vya sentimita 2.5, na plagi kubwa za milimita 6.35 kama za gitaa la umeme, ilhali umeme wake ni ule ule wa Eurorack. Yote miwili hufuata kanuni ya volti moja kwa kila oktavu, yaani volti ikizidi moja mlio hupanda oktavu moja, iliyoenezwa na Robert Moog tangu miaka ya 1960, kwa hivyo moduli za mfumo mmoja zinaweza kuzungumza na za mwengine ukipata waya wenye plagi mbili tofauti.

Anayekusudia kununua seti hana haja ya kufikiri sana, achukue Eurorack, kwa sababu seti karibu zote zimetengenezwa kwa kipimo hicho. Anayekusudia verobodi namshauri Kosmo. Nafasi yake inatosha kidole na chuma cha kulehemu, matundu ya plagi kubwa huuzwa popote panapouzwa spika na amplifaya za harusi, na fundi wa milango na madirisha ya aluminiamu anaweza kukata bati la sentimita 20 kwa 10 na kulitoboa bila ya kuhitaji usahihi wa nusu milimita ambao Eurorack huudai. Sanduku la kuzibebea ni kazi ya seremala, na kwa hilo visiwa hivi havina upungufu.

Seti kamili ndiyo ghali zaidi kwa moduli moja moja, na ndiyo ninayomshauri kila anayeanza, na sababu yangu si wepesi wa kazi peke yake. Kifurushi kimoja kina gharama moja ya usafirishaji na safari moja ya forodhani, wakati ambapo kukusanya vipuri vya moduli moja kutoka maduka matatu ya ng'ambo huzaa gharama tatu za usafirishaji, ambazo kwa pamoja huweza kuishinda thamani ya vipuri vyenyewe. Kwa aliyeko Wete au Chake Chake, ambaye mzigo wake mara nyingi hupitia kwanza Dar es Salaam na Unguja, tofauti hiyo huwa kubwa zaidi.

Miongoni mwa seti zilizopo, zile za mki x es.EDU, zilizotokana na ushirikiano wa kampuni ya Erica Synths ya Riga, Latvia, na Moritz Klein, anayefundisha saketi kwa video, zina sifa ambayo ni adimu kwengine. Kitabu chake hakimuelekezi msomaji mahali pa kulehemu tu, bali humjengea saketi kipande kwa kipande, humueleza kwa nini kila rezista ipo pale ilipo, na humtaka aijaribu kwanza juu ya bredibodi, ile bodi ya kuchomekea vipuri bila ya lehemu. Vitabu hivyo vinapatikana bure mtandaoni, kwa hivyo hata asiyenunua seti anaweza kuvisoma kabla ya kuamua. Befaco ya Barcelona nayo huuza seti za moduli zake nyingi, na maelekezo yake ni safi, lakini ni maelekezo ya kufunga zaidi kuliko ya kufahamu. Kwa mwanafunzi wa Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia pale Mbweni, aliyekwishasoma umeme darasani, seti ya kufunga tu itamchosha upesi. Kwa mpiga kinanda asiyejua tofauti ya kapasita na rezista, itamtosha.

Udhaifu wa seti hujitokeza pale kipuri kimoja kinapokuwa hakimo, au kimewekwa pahala pa chengine. Rezista za siku hizi zenye mwili wa buluu zina mistari mitano, na ile ya 1k, ya 10k na ya 100k hutofautiana kwa mstari wa nne peke yake, ambao kwa ya kwanza ni wa hudhurungi, kwa ya pili ni mwekundu na kwa ya tatu ni wa rangi ya chungwa. Chini ya balbu ya manjano, juu ya mwili wa buluu, rangi hizo tatu hukaribiana kiasi cha kwamba kuzisoma kwa macho ni kubahatisha. Zipime zote kwa multimita kabla ya kuwasha chuma, na uzibandike kwa utepe juu ya karatasi, kila thamani na jina lake. Kitakachokosekana kitajulikana siku hiyo hiyo, na muuzaji ataombwa akiwa bado anaikumbuka oda yako.

Mpangilio wa kulehemu nao una faida yake ya pekee hapa kwetu. Dayodi na rezista hutangulia kwa kuwa ni fupi, hufuata soketi za aisi, kapasita na transista. Volyumu, yaani rezista za kuzungushwa kwa kidole, na matundu ya plagi hutiwa mwisho, tena bila ya lehemu kwanza: hupachikwa kwenye bodi, paneli ikavishwa juu, nati zikakazwa kwa mkono, ndipo miguu ikalehemiwa. Anayelehemu matundu kabla ya kuvisha paneli atakuta moja limeinama kidogo na paneli haiingii, na kulibandua tundu lenye miguu mitatu bila ya kung'oa shaba ya bodi ni kazi ambayo hata mafundi wazoefu huikimbia. Tundu la milimita 3.5 la kufungwa kwenye paneli si kitu cha kukipata dukani Mlandege.

Njia ya bodi na paneli huonekana ya bei nafuu, na kwa anayejenga moduli moja tu si nafuu hata kidogo. Katika orodha ya vipuri ya moduli ya kawaida, kuna ambavyo mafundi wa redio na amplifaya wanavyo karibu siku zote, kama opampu (aisi za kukuzia mawimbi) za TL072 na 4558, viimarishaji vya volti vya 7812 na 7912, aisi ya 555, dayodi za 1N4007, transista za BC547 na BC557, na kapasita za kawaida. Kuna vyengine ambavyo hutavipata kwa kuzunguka madukani: volyumu ndogo za mstari nyoofu zenye mhimili unaolingana na paneli, matundu madogo ya plagi, aisi ya LM13700 ambayo hutumika katika vichujio na vikuza sauti vingi, na aisi za vitoa mlio za familia ya 3340. Kundi hili la pili ndilo linaloamua. Ukiliagiza kwa ajili ya moduli moja, umelipa usafiri wa kifurushi kizima kwa vipuri vya kujaza kiganja.

Hesabu hugeuka pale unapoagiza kwa moduli nne au tano kwa pamoja, au mnapoagiza watu watatu. Moduli nyingi hurudia vipuri vile vile: rezista za 1k, 10k na 100k, kapasita za nanofaradi 100 na za mikrofaradi 10, TL072, dayodi za 1N4148, matundu, volyumu za 100k. Mwenye akiba ya hivyo kwa wingi atabakiwa na vipuri viwili vitatu tu vya kutafuta kwa kila moduli mpya. Hapo milango ya wabunifu wasiouza seti hufunguka, kama Nonlinearcircuits ya Andrew Fitch wa Perth, Australia, ambayo bodi zake zina saketi za fujo na zisizotabirika ambazo hutazikuta kwenye seti za wanaoanza. Mnaweza pia kuchora bodi zenu kwa programu ya bure ya KiCad na kuzituma zikachapishwe China, ambako viwanda vingi huanzia bodi 5 kwa oda moja. Idadi hiyo ni mzigo kwa mtu mmoja, ila kwa kikundi cha marafiki ni sawasawa.

Suala linalowatisha wengi katika njia hii ni vipuri vya kubandika juu ya bodi, visivyo na miguu, ambavyo baadhi yake havizidi milimita 2 kwa urefu. Vitabu vingi humwambia anayeanza avikwepe. Mimi siafikiani na ushauri huo kwa Zanzibar, kwa sababu mafundi wa simu wa Darajani hufanya kazi hiyo kila siku, kwa hewa ya moto na hadubini, juu ya vipuri vidogo kuliko hivyo. Bodi ya Nonlinearcircuits kwa fundi aliyezoea kubadilisha tundu la chaji ni kazi nyepesi, na ujira wake hujadilika. Hata hivyo usimkabidhi bodi na mfuko wa vipuri ukaondoka. Mpe mchoro wa mahali pa kila kipuri na ukae naye, kwa kuwa kapasita ndogo za aina hii hazina maandishi juu yake, na zikishachanganyika hakuna wa kuzitambua ila multimita yenye kipimo cha kapasita.

Vivyo hivyo kwa moduli za Mutable Instruments. Mwanzilishi wake, Émilie Gillet, aliifunga kampuni mwaka 2022, lakini michoro na programu za moduli zake nyingi alikuwa amekwisha kuziachia huru, na bodi zake bado hutengenezwa na wengine. Nyingi ya hizi zina kompyuta ndogo ya familia ya STM32 ndani yake, ambayo ni lazima itiwe programu kwa kifaa maalumu mara ya kwanza. Kama hapana mwenzako mwenye kifaa hicho, ziache kwa sasa, hata bodi iwe rahisi namna gani.

Verobodi imedharauliwa isivyostahiki. Ni kweli kwamba hailingani na bodi iliyochapishwa kwa unadhifu, na kosa la mstari mmoja usiokatwa huweza kukupotezea usiku mzima. Lakini kwa baadhi ya moduli ndiyo njia pekee ambayo kila kitu chake kinaweza kupatikana bila ya kuvuka maji, au kwa uchache bila ya kuvuka zaidi ya Kariakoo. Kichanganyio cha sauti chenye TL072 moja, kipunguzio chenye volyumu tupu isiyohitaji hata umeme, na kitoa mlio cha aisi ya 40106 vyote huingia humo. Aisi hiyo ina vigeuzi sita ndani yake, na kila kimoja hugeuka kuwa kitoa mlio ukikiunganisha na volyumu moja na kapasita moja, ilimradi miguu ya kuingilia ya vile visivyotumika uifunge kwenye gendi, yaani waya wa volti 0. Mlio wake ni mkali, mzuri kwa ngoma na kelele, lakini haufuati kanuni ya volti moja kwa oktavu, kwa hivyo usiutegemee kwa wimbo.

Moduli ya verobodi ninayoipenda kuliko zote ni mfuatishaji wa noti wenye aisi ya 4017, ambayo mafundi wa mapambo wanaijua vizuri kwa kuwa ndiyo inayokimbiza taa nyingi za harusi. Aisi hii huwasha miguu yake 10 ya kutolea mmoja baada ya mmoja kila inapopata mapigo. Badala ya taa, kila mguu unalisha volyumu, na kila volyumu inapitia dayodi na kukutana na wenzake kwenye waya mmoja wa kutokea. Ukitaka hatua 8, mguu wa hatua ya tisa uurudishe kwenye mguu wa kuanza upya.

Kwa mwenye masikio yaliyolelewa na taarab, chombo hiki kidogo kina uwezo ambao kinanda cha dukani hakikupi ila kwa kuingia ndani ya mipangilio yake. Volyumu haifungwi na noti 12 za piano. Katika kanuni ya volti moja kwa oktavu, nusu toni ni milivolti 83.3 na robo toni ni milivolti 41.7. Kwa makadirio ya robo toni, maqam (mpangilio wa noti) ya Rast huanzia volti 0, ikapanda 0.167, 0.292, 0.417, 0.583, 0.75, 0.875, na kuishia volti 1. Zile 0.292 na 0.875 ndizo noti ya tatu na ya saba ambazo piano haina. Mpiga ala ya kanuni au fidla hataziweka hasa hapo, atazisogeza kidogo kwa sikio lake, na volyumu inaruhusu hilo. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika michoro mingi ya mfuatishaji wa namna hii mzunguko mzima wa volyumu hufunika volti kadhaa, kiasi cha kwamba mguso mdogo huruka noti nzima. Weka rezista za kuigawa volteji ili mzunguko mzima ufunike volti 1 au 2 tu. Ukinunua pia moduli inayolazimisha noti zikae kwenye vipimo vya piano, hakikisha inakubali kupangiwa vipimo vyengine, la sivyo itakufutia kazi yote hiyo.

Mfuatishaji huo utahitaji kitoa mlio kinachotii volti kwa uaminifu, na hapo verobodi siipendekezi. Saketi inayogeuza volti kuwa mlio hutegemea transista ambazo tabia yake hubadilika kwa joto. Hali ya hewa yetu haina baridi na joto la kupishana sana, ila chumba chenye kiyoyozi kinachowashwa na kuzimwa kinatosha kuutoa mlio kwenye noti. Aisi ya CEM3340, iliyobuniwa na Doug Curtis na kutumika katika vinanda kama Roland SH-101, ina fidia ya joto ndani yake, na leo hutengenezwa nakala zake, mojawapo ikiwa AS3340 ya Latvia. Inunue ndani ya seti, au kwa muuzaji anayejulikana, maana aisi za zamani zina soko la bandia. Kwa moduli hii ya kitoa mlio, seti kamili inashinda bila ya ubishi.

Kuhusu umeme sina njia tatu za kulinganisha. Usijenge mwenyewe kitu chochote kinachogusa volti 230 za ukutani. Nunua kifaa cha umeme kilichokamilika cha kubadilisha kwa swichi, au tumia transfoma ya plagi inayotoa volti 12 za mkondo geu, kisha 7812 na 7912 zifanye kazi iliyobaki kwa usalama. Tofauti yake ni kwamba viimarishaji hivyo vinahitaji kiasi cha volti 2 zaidi ya zile vinazotoa, kwa hivyo umeme wa mtaa ukishuka jioni mvumo huanza kusikika, wakati ambapo kifaa cha swichi huvumilia mshuko mkubwa zaidi. Tena chaja nyingi zinazouzwa madukani hutoa mkondo mnyoofu, ambao hapa haufai. Mwenye sola anaweza kuunga betri mbili za volti 12 kwa mfuatano na kuifanya sehemu ya kati kuwa gendi, akatia fyuzi kila upande. Atapata ukimya mzuri sana, ila volti zitashuka kadiri betri zinavyoisha, na baadhi ya vitoa mlio vitashuka nazo. Kwa njia yoyote, mstari mwekundu wa waya bapa unaelekea upande wa volti 12 hasi. Ukigeuzwa, moduli isiyo na dayodi za kinga huungua papo hapo, na zile ulizozijenga juu ya verobodi hazitakuwa nazo mpaka uziweke wewe.

Hewa ya chumvi haibagui njia. Safisha mabaki ya dawa ya kulehemia kwa spiriti na mswaki mkavu pale tu unapomaliza, hasa kwenye verobodi, ambako mabaki hukaa baina ya mistari, huvuta unyevu na huvujisha mkondo mdogo unaotosha kuyumbisha mlio.

Kwa mwenye fedha za kidogo kidogo, mpango ninaoupendekeza ni kuagiza seti moja ya kitoa mlio pamoja na umeme uliokamilika, na katika muda wa kuisubiri kujenga kichanganyio na mfuatishaji juu ya verobodi kwa vipuri vya hapa. Kichujio, kikuza sauti na kipanga mwendo wa sauti (kinachoamua mlio upande na ufifie kwa kasi gani) vije baadaye kwa njia ya bodi na paneli, vyote vitatu katika oda moja na pamoja na akiba ya matundu na volyumu. Moduli ya kutokea, yaani ya kupeleka sauti kwenye meza ya sauti, usiinunue kabisa. Mawimbi ya Eurorack hufikia volti 10 kutoka kilele hadi bonde, ambayo ni mengi mno kwa meza ya sauti ya ukumbini. Rezista ya 10k ikifuatiwa na ya 1k inayoelekea gendi huyagawa kwa 11 na kuyafikisha karibu na volti 0.9. Rezista hizo mbili, tundu la milimita 6.35 na kipande cha verobodi vinatosha, na hazihitaji umeme.